Taya la Juu, Taya la Chini

Mwezi wa Mei nilitia sahihi karatasi iliyosema kwamba mwili uliopatikana katika mto Thuci ulikuwa wa Hezekiah Mutugi, mkulima wa kahawa kutoka Kyeni, umri miaka arobaini na moja. Nilikuwa na sababu. Kwenye taya la juu la maiti, upande wa kushoto, palikuwa na daraja la meno matatu: jino la bandia katikati, limeshikiliwa na meno mawili ya kweli yaliyochongwa na kuvikwa kauri. Daraja hilo nililiweka mimi. Faili lilikuwa na jina hilo, na picha ya eksirei iliyokuwamo ililingana na fuvu hadi kwenye mzizi mmoja uliopinda. Ukurasa wa kwanza wa faili ulitaja pia taji la chuma, yaani jino lililofunikwa lote, chini kulia. Taya la chini halikuwapo. Mto ulikuwa umekwenda nalo. Hakuna aliyeomba kipimo cha vinasaba. Familia ikazika.

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumanne, mjane alikuja kliniki. Kliniki yangu iko mjini Embu, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Niliinunua kwa Daktari Kailemia alipostaafu na kurudi Nkubu, pamoja na viti vyake, makabati yake na Ciku, anayekaa mapokezi tangu enzi zake.

Mlango ulikuwa wazi, nikawasikia.

"Mama, ni kung'oa ama ni kusafisha?" Ciku aliuliza.

"Hakuna. Meno yangu ni mazima kuliko yako."

"Na hata hujaona yangu!"

"Nimeona. Si umekuwa ukichekea simu tangu nipande ngazi?"

Aliingia, akatazama huku na huku, na kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, wima, bila kuegemea. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sweta ya kijivu na kucha zenye utomvu mweusi wa kahawa.

"Mimi ni Wawira. Mama Linda. Bibi ya Hezekiah Mutugi, yule ulisema ni yeye."

Nilimpa pole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Katika ukoo wao mjane hapelekwi mochari. Wanaume huenda, wakarudi na neno. Mwezi wa Mei nilikuwa nimezungumza na Gachoki, mdogo wa marehemu. Nilimwuliza kama ndugu yake alikuwa na meno ya kutengenezwa, akajibu ndiyo, alitengenezewa hapa Embu. Sikumwuliza ni yapi.

"Daktari," Wawira alisema, "hapa mnaweka sanamu ya meno ya mtu. Yeye aliniambia. Ati walimjaza uji baridi mdomoni mpaka karibu atapike."

"Tunaweka. Ni ya plasta."

"Nataka yake."

Nilimwuliza ni ya nini. Alipanga maneno kwanza. Kwao wanasema Kiembu, kwetu Kimeru. Tulikutana katika Kiswahili, kila mmoja akitembea polepole.

"Alikuwa anasaga meno akilala. Ndiyo ilimpasua hii ya nyuma mpaka akafunikwa na chuma. Mimi nilikuwa namgusa bega tu, ananyamaza. Miaka kumi na tatu namgusa bega."

"Na sasa?"

"Sasa anasaga mchana."

Kaburi lipo kati ya mistari ya kahawa na mmakadamia mmoja, hatua arobaini kutoka jikoni. Sauti huanza saa nane, upepo unapotulia, na hudumu muda wa kuteka ndoo mbili. Kwanza alidhani ni fuko. Alitega mtego wiki mbili, hakushika kitu. Kisha alimwita pasta, akaja, akaomba, akasikiliza, akasema ni matawi ya kahawa yanasuguana. Kahawa ilikuwa imepogolewa wiki iliyotangulia. Linda, mtoto wake wa miaka tisa, haisikii. Alinieleza haya yote jinsi mtu anavyomweleza fundi hitilafu ya mashine, na hilo ndilo lililonifanya nisikilize.

"Tena si sauti yake," aliongeza. "Yake ilikuwa nzito, kama jiwe la kusagia wimbi. Hii inateleza. Inatafuta mahali pa kushika, haipati, inaanza tena."

Nilimweleza nijuavyo. Mifupa haisogei. Udongo mpya hushuka kwa miezi, na ukishuka hutoa sauti. Sikio lililolala kando ya mlio kwa miaka kumi na tatu halisahau kwa miezi mitatu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sawa. Basi nipe sanamu niende. Bega sina tena. Nitashika hiyo."

Sikuona ubaya. Madaktari wengi hutupa sanamu za plasta baada ya mwaka mmoja. Kailemia hakutupa, nami nikafuata desturi yake. Nilimwambia Ciku alete sanduku lenye nambari ya faili, nikalifungua mezani. Mlikuwa na jozi mbili. Moja ilikuwa ya zamani, plasta imegeuka rangi ya siagi, na tarehe yake ilikuwa ya miaka saba iliyopita kwa mwandiko wa Kailemia. Ya pili ilikuwa nyeupe, ya miaka miwili iliyopita, yenye mwandiko wangu. Matibabu mawili, jozi mbili. Hilo ni jambo la kawaida. Niliyatoa mataya yote, ya juu na ya chini, ili nimchagulie jozi iliyo safi zaidi.

Nyuma ya meno ya mbele, kwenye kaakaa, kila mtu ana mikunjo. Gusa kwa ulimi utaihisi. Meno hung'oka, huvunjika, huchongwa, lakini mikunjo hiyo haibadiliki tangu utoto, na ya mtu mmoja hailingani na ya mwingine. Taya la juu la rangi ya siagi lilikuwa na mikunjo mitatu mipana, iliyonyooka. Taya jeupe lilikuwa na mikunjo mitano, myembamba, yenye kugawanyika ncha kama kwato.

Niliyapeleka dirishani. Nikayarudisha mezani, nikawasha taa.

"Ciku!"

Alikuja na simu mkononi.

"Faili hili ni la watu wangapi?"

"Mmoja. Hezekiah Mutugi, Kyeni." Alitazama jina kwenye plasta, halafu plasta ya pili. "Si ni mmoja? Alikuja, nikaona jina, nikaona kwao, nikatoa faili yake ya zamani. Yeye akaniambia hajawahi kuja hapa. Nikamwambia, nyinyi wanaume mnasahau hata harusi zenu. Akacheka, akaketi."

Wawira alikuwa ameinuka. Hakugusa kitu. Alielekeza kidole kwenye plasta nyeupe.

"Hiyo ni ya Hezekiah wa Karimi."

Mzee Hezekiah Mutugi, babu yao, alikuwa na wana wawili, na kila mmoja alimpa kifungua mimba wake jina la baba yake, kama ilivyo desturi, na kwa heshima wakampa lote, pamoja na la ubatizo.

"Nyumbani tunawaita kwa mama zao," Wawira alisema. "Kwenu hapa mama haandikwi."

"Huyo wa Karimi yuko wapi?"

"Meru. Ama Isiolo. Yeye ni mtu wa kupotea, anaweza kumaliza mwaka bila simu, halafu anakuja na zawadi. Aliondoka siku ile ile mume wangu alipopotea. Alikuja kutuaga, na mume wangu akam..."

Mgeni haachwi langoni. Husindikizwa mpaka pale anapoweza kuendelea peke yake. Siku hiyo ya Aprili pale palikuwa ng'ambo ya Thuci, upande wa Chuka, ambako magari ya Meru hupita. Walikwenda kwa njia ya mkato, juu ya mawe. Kwao kulikuwa na jua. Juu mlimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

"Akamsindikiza," alisema. "Begi lilikuwa zito. Walishika kila mmoja upande wake."

Watu wa kijiji walihesabu hivi: wawili walikwenda, mmoja alikuwa msafiri, kwa hiyo aliyepotea ni mmoja. Mto ulipotoa mwili mmoja, hesabu ilikamilika. Nami niliikamilisha kwa sahihi.

Nilitoa picha ya mochari, nikaifunika kwa karatasi yote isipokuwa meno, nikaiweka kando ya plasta nyeupe. Kisha nikauliza swali nililopaswa kuliuliza mwezi wa Mei.

"Mama Linda, mume wako alikuwa na meno ya kuwekwa hapa juu, kushoto?"

"Hapana. Ilikuwa moja tu, ya chuma." Aligusa shavu lake la kulia, chini. "Hapa. Akicheka sana ndiyo unaiona."

"Basi niliyemtambua si mume wako."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ningeweza kutafuta njia ndefu zaidi, lakini ingefika pale pale. Alikaa chini tena. Uso wake haukulegea kwa huzuni kama nilivyotarajia. Ulikakamaa, ukawa mdogo, kama wa msichana anayesubiri jina lake lisomwe.

"Kwa hivyo hajafa?"

"Sijui. Najua tu kwamba yule si yeye."

"Anaweza kuwa aligonga kichwa. Watu hugonga kichwa wakasahau kwao."

"Hutokea, mara chache sana."

"Lakini hutokea."

Alitoa simu, akampigia Gachoki, akaiweka mezani katikati ya mataya, sauti juu.

"Mama Linda!" Nyuma ya sauti ya Gachoki mikebe ya maziwa iligongana. "Niko kwa laini ya maziwa, na hii pikipiki ya Muriuki imenichelewesha kama bibi harusi. Kuna nini?"

"Daktari wa meno anataka kukuuliza kitu."

Nilijitambulisha. "Ulipokuja Mei, uliniambia ndugu yako alikuwa na meno ya kutengenezwa. Yapi?"

"Si ile ya chuma? Ya nyuma. Tena tuliiona."

"Mliiona wapi? Taya la chini halikuwapo."

Mikebe ilinyamaza. Nadhani alisogea mbali na watu.

"Lilipatikana baadaye. Vijana wa kuchota mchanga walilitoa huko chini, wiki mbili baada ya mazishi. Nikaona chuma, upande wa kulia. Nikasema basi, limemfuata mwenyewe. Tukafungua kaburi kidogo upande wa kichwa, tukamwekea. Wewe, Mama Linda, ulikuwa kanisani. Hatukutaka kukuumiza mara mbili."

"Mbona hamkulileta kwangu?" niliuliza.

"Tukuletee ya nini, daktari? Ulikuwa umeshasema ni yeye."

Wawira alikata simu. Tumaini lake lilikuwa limedumu kama dakika tano. Nilitazama saa ya ukutani, kwa mazoea tu.

Hali, basi, ilikuwa hivi. Wanaume wote wawili walikuwa wamekufa. Kaburini Kyeni, chini ya msalaba wenye jina ambalo ni kweli kwa kila mmoja wao, ulilala mwili wa mmoja na taya la chini la mwingine, vimepangwa pamoja, fuvu juu, taya chini, jinsi wanaume wasio na ujuzi wangevipanga, yaani mahali pake hasa.

Nilichofanya baadaye sikukipanga. Mkono wa daktari wa meno hauwezi kushika taya la juu na la chini bila kuyakutanisha. Nilikuwa nimeinua taya jeupe la juu na lile la siagi la chini ili niyarudishe sandukuni, nikayakutanisha. Hayakukaa. Yaligusana mahali pawili tu, nyuma kulia na mbele kidogo ya kushoto, kisha la juu likateleza kutafuta pa kutulia, likakosa, likarudi. Plasta juu ya plasta hutoa mlio mkavu, mwembamba.

Wawira alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kabati.

"Ndiyo hiyo."

"Mama Linda, plasta yoyote..."

"Ndiyo hiyo, daktari. Ndiyo hiyo."

Niliyatenganisha, nikaweka moja mwisho huu wa meza na moja mwisho ule. Hapo Ciku akachungulia mlangoni.

"Daktari, ile mashine ya hewa imeharibika? Inasaga tangu huyu mama aingie. Nilisahau kukuambia."

Mashine ya hewa, ile inayoendesha keekee ya kutobolea meno, ipo barazani, nyuma ya kiti cha Ciku. Nilikwenda kuitazama. Swichi ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeizima mwenyewe asubuhi, kwa kuwa mgonjwa wa kwanza aliahirisha, na chuma chake kilikuwa baridi. Ninaliandika hili kwa sababu ndilo lililotokea. Sina la kuongeza.

Niliporudi Wawira alikuwa amefunga vifungo vya sweta.

"Karimi hajui," alisema. "Twende."

Nilifunga kliniki na kuendesha mwenyewe. Karimi anaishi vilima viwili kutoka kwa Wawira. Tulimkuta nyuma ya nyumba anapura maharagwe. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mchangamfu. Alimwona Wawira na mtu asiyemjua mwenye koti jeupe ambalo nilikuwa nimesahau kulivua.

"Mama Linda, umeniletea daktari? Kwani nani amekuambia naumwa? Ama ni mgeni wa kula? Nitachinja nini mimi, na kuku wote wameatamia!"

Wawira hakuweza kuanza, kwa hiyo nilianza mimi. Nilieleza daraja la meno, faili, jina, na kosa langu, kwa mpangilio huo. Nilimwonyesha plasta nyeupe. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye jino la mbele lililokaa upande kidogo.

"Hili lilimea hivi akiwa na miaka saba," alisema. "Nilikuwa namwambia asisukume na ulimi."

Kisha akakaa kwenye gunia.

"Nilikuja mazishi hayo," alimwambia Wawira. "Nilimenya viazi karai mbili. Unakumbuka? Nilikuwa pale kwa moto nikimwambia Mungu asante kwamba si wangu."

Wawira alipiga magoti kwenye maganda ya maharagwe. Hawakukumbatiana. Walishika ile plasta wote wawili, mmoja huku, mwingine huku.

Mimi ndimi niliyeandika barua ya kusahihisha, nikaipeleka polisi na kwa ofisi ya afya. Safari hii nilitaka vinasaba vya jamaa vipimwe pamoja na kipande cha mfupa kilichobaki mochari, na majibu yalisema kile ambacho kaakaa lilikuwa limeshasema. Amri ya mahakama ya kufukua ilitoka mwisho wa Septemba.

Tulifukua saa nne asubuhi. Nilitandika karatasi ya nailoni juu ya meza ya jikoni iliyoletwa kwenye mistari ya kahawa, nikatenganisha. Haikuchukua muda. Mwili na fuvu, lenye daraja langu mahali pake, vilikuwa vya Hezekiah wa Karimi; wanaume wa upande wake walivipokea katika jeneza jipya na kuondoka navyo kwa miguu, Karimi akiwa mbele. Kilichobaki mezani kilikuwa taya moja la chini, meno kumi na matatu, moja la chuma. Nililifunga kwa chachi, nikaliweka kwenye kisanduku cha mbao ambacho Gachoki alikuwa amekitengeneza, kirefu kama kiganja na nusu.

Wawira alitazama kazi yote bila kuketi. Kama ile sauti ya saa nane ilikuwa imekoma au la, hakuniambia, nami sikumwuliza.

Shimo la kwanza lilikuwa limevunjwa kingo na ukoo haukutaka litumike tena. Gachoki aliwaonyesha vijana wawili mahali pengine, upande wa pili wa mmakadamia. Walichimba shimo la mraba, futi moja na nusu kila upande, wakasimama.

"Nini hiyo?" Wawira aliuliza.

"Ni yake," Gachoki alisema kwa upole.

"Hiyo ni ya kuku."

"Mama Linda, tuna taya tu. Tukichimba kubwa tutaweka nini?"

"Mume wangu alikuwa futi sita. Wewe ulikuwa unavaa suruali zake ukizikunja. Pima."

"Watu watasema..."

"Waseme. Thuci bado inatoa mchanga kila wiki. Akianza kuja, atakuta nini? Shimo la kuku?" Alichukua jembe kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akachora mstari mrefu ardhini kwa ncha yake, akakunja pembe, akarudi. "Hapa. Mpaka hapa."

Gachoki alinitazama, labda akitaka neno la kitaalamu. Niliangalia mstari. Ulikuwa sahihi kwa mtu wa futi sita.

Walichimba hadi saa tisa. Shimo lilipofika kina cha kaburi, Wawira alivua viatu, akashuka mwenyewe kwa ngazi ya kuchumia makadamia, na Gachoki akampa kisanduku kutoka juu. Hakukiweka katikati. Alikwenda mwisho wa kichwa, akapima kwa shubiri zake kutoka ukutani, akakiweka chini pale ambapo taya lingekuwa. Kisha akapanda, akichunga miguu yake isikanyage nafasi iliyobaki.